Uzi: Panga la nyama jikoni – la kununua, la kukatia nini, na kwa nini makali yanatoka mapengo

Kinoo
Wakuu, maswali kuhusu panga la nyama yanajirudia kila mara na majibu yake yanapotea katikati ya mada nyingine. Tuyaweke hapa pamoja. Naanza na uchaguzi, wajuzi wa kunoa na wa ubao watakuja kuongezea.

Kinachoharibu visu vingi kuliko chochote ni hiki: visu vipana vya mstatili viko vya aina mbili, vinafanana kama pacha, lakini kazi zao haziingiliani.

Aina ya kwanza ni panga la mifupa lenyewe. Mgongo wake una unene wa milimita 4 hadi 8. Uzito unaanzia kama gramu 600 na kupanda hadi kilo moja au kuzidi. Ukilitazama kwa mbele unaona kabari. Wachina huliita gudao, yaani kisu cha mifupa.

Aina ya pili ni kisu kipana cha mboga, ambacho Wachina hukiita caidao. Mgongo ni milimita 2 hadi 3, uzito gramu 300 hadi 450, na bapa linazidi kuwa jembamba kadiri linavyoshuka kwenye makali. Hiki ni cha mboga, nyama isiyo na mfupa, na kuponda kitunguu saumu kwa bapa. Ukikipiga kwenye mfupa hata mara moja, tarajia pengo la umbo la mwezi mchanga.

Dukani huhitaji mizani. Shika bapa kwa vidole viwili na uviteremshe kwa uangalifu kutoka mgongoni kuelekea makali, usifike kwenye makali yenyewe. Kwenye panga la mifupa utahisi unene unadumu karibu njia nzima, kisha unakatika ghafla milimita chache za mwisho. Kwenye kisu cha mboga unene unaisha taratibu, na sentimita moja kabla ya makali tayari ni kama bati.

Ipo na ya katikati, wenwudao: nusu ya mbele nyembamba ya kukatia laini, nusu ya nyuma nene kidogo ya kugongea mifupa midogo kama ya kuku. Inafaa kwa mwenye nafasi ya kisu kimoja tu, ila lazima ukumbuke kila unapoiinua ni nusu ipi inayopiga. Wengi hawakumbuki.

Mama wa Chungu
Asante mkuu Kinoo. Sasa kwa jikoni la nyumbani, uzito gani? Naona ya gramu 500, 800 mpaka kilo na robo. Kazi ni kuku na mbavu, basi.

Kinoo
Kwa kuku na mbavu, dada, gramu 650 hadi 850 zinatosha, na bapa la urefu wa sentimita 15 hadi 18. La kilo na robo linafaa kwa anayekata mifupa mfululizo. Kwa mkono ambao haujazoea, likishafika pigo la kumi linaanza kutua pembeni ya pale ulipokusudia.

Chini ya gramu 500 utalazimika kutumia nguvu za bega, na hapo ndipo ajali zinapozaliwa.

Gegedu
Hapo kwenye uzito nina la kupinga kidogo. Nguvu ya pigo inategemea zaidi kasi kuliko uzito. Ukizidisha uzito mara mbili unapata nishati mara mbili, ukizidisha kasi mara mbili unapata mara nne. Kwa hiyo jepesi linalopigwa kwa kasi linashinda zito linalopigwa polepole.

Kinoo
Hesabu yako ni sahihi mkuu, lakini mpigaji si mashine. Kasi ikiongezeka, shabaha inapungua, na pigo la pili lisipotua kwenye mkato wa kwanza hukati tena, unaponda. Chukua panga la kilo 1 uliachie lianguke lenyewe kutoka sentimita 20: linafika na nishati ya kama jouli 2. La gramu 400 kutoka kimo hichohicho linafika na kama 0.8. Pengo hilo inabidi mkono ulizibe, na mkono unaojikaza hupinda njiani. Uzito unanunuliwa ili mkono uongoze tu.

Gegedu
Sawa, hapo nimekuelewa. Shabaha kwanza.

Msuka
Naongezea ya mpini na chuma, maana watu wanaangalia bapa peke yake.

Msuka, yaani ule ulimi wa chuma unaoingia kwenye mpini, uwe umefika mwisho wa mpini, na uonekane mgongoni na tumboni mwa mpini kama mstari wa chuma. Ribiti, yaani misumari inayobana mpini kwenye msuka, tatu ni nzuri, mbili zinakubalika. Msuka mfupi uliogundishwa tu utalegea kwa sababu kila pigo linarudi kwenye mpini. Pitisha ukucha pale mbao au plastiki inapokutana na chuma. Ukucha ukinasa, maji ya nyama nayo yatanasa. Yakishaingia huko huyaoshi, na kutu inaanzia ndani usikoona.

Mpini wa mbao unashikika vizuri mkono ukiwa na mafuta, ila haupendi kulowekwa. Wa plastiki unavumilia maji lakini uwe na mikwaruzo au umbo la kuzuia kuteleza. Mpini wa chuma kitupu uliolainishwa ni mzuri kwa picha. Ukiwa na mafuta ya kuku mkononi, utakuponyoka.

Sasa chuma. Watu wanadhani kigumu zaidi ndiyo bora zaidi. Kwa panga la mifupa ni kinyume. Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, kifupi HRC. Panga la mifupa linataka kuwa kati ya 52 na 57 hivi. Chuma cha namna hiyo kikizidiwa kinajikunja, na kilichojikunja unakinyoosha na kukinoa. Chuma cha 60 na kuendelea, kama VG-10 inayosifiwa kwenye visu vya Kijapani, kikizidiwa hakijikunji, kinameguka. Stenlesi ya kawaida aina ya X50CrMoV15, yenye kaboni karibu asilimia 0.5 na kromi karibu asilimia 15, inafaa sana kazi hii na haikusumbui kwa kutu. Stili ya kaboni kama 1095 inanoleka kirahisi, ila uikaushe dakika hiyohiyo unapomaliza kuosha na uipake mafuta membamba ya madini yanayoruhusiwa kwenye chakula. Usitumie mafuta ya kupikia kwa kisu kinachokaa muda mrefu, yanachacha na kugeuka ulimbo.

Yale mabapa yenye mawimbi mazuri ya rangi mbili, chunguza. Mengine ni michoro ya asidi juu ya chuma cha kawaida.

Pembe3
Na lile tundu kwenye kona ya bapa? Niliambiwa linapunguza nyama kunata.

Msuka
Ni la kutundikia. Halina kazi nyingine ya maana, na kutokuwapo kwake si kasoro.

Mama wa Chungu
Tuje kwenye kukata sasa. Mfupa upi unapigwa na upi hapana? Na kwa nini vipande vinatoka na vichembe vya mifupa ndani? Hicho ndicho kinachoudhi mezani.

BapaPana
Dada, kwenye swali hili nitakaa kidogo, maana ndiyo kazi yenyewe.

Inayopigwa: mifupa yote ya kuku na ndege wengine, mbavu, shingo, uti wa mgongo wa mnyama mdogo, vichwa vya samaki, miguu kwenye viungo.

Isiyopigwa: fupa la paja na la mguu wa ng'ombe, ile mirija minene yenye uboho. Hiyo ni ya msumeno. Ganda lake ni gumu na ni duara, hivyo panga linateleza au linapasua mfupa kwa urefu badala ya kuukata, na hapo ndipo vinatoka vipande vyenye ncha kama sindano. Nyama iliyoganda kwa barafu nayo usiiguse kwa panga hata kama ni mnofu mtupu. Iyeyushe kwanza kwenye jokofu.

Vichembe vina sababu nne, na karibu kila mara ni moja kati ya hizi:

Kupiga mara nyingi pasipo mkato mmoja. Kila pigo linalotua milimita tatu kando ya lililotangulia linatengeneza kipande cha milimita tatu.

Makali butu. Butu haikati mfupa, inausaga.

Nyama isiyolala. Ukiweka mbavu zikiwa zimejipinda kama daraja, katikati hakugusi ubao. Pigo linaishia kuzidundisha, mfupa unapasuka kwa kukunjwa wala haukukatwa. Sehemu unayopiga lazima iwe imegusa ubao. Geuza, au kata vipande vifupi zaidi kwanza.

Kupiga katikati ya mfupa wakati kiungo kiko sentimita mbili pembeni. Kiungo ni gegedu na kano, kinapita karibu bila kelele.

Kwa kuku mzima utaratibu ni huu. Tumia kisu cha kawaida kwanza, kata ngozi kati ya paja na kiwiliwili. Vuta paja nje mpaka kichwa cha mfupa kitoke kwenye tundu lake, kisha pitisha makali hapo. Geuza mguu, upande wa ndani utaona mstari mwembamba wa mafuta meupe kati ya paja na sehemu ya chini ya mguu. Mstari huo unaonyesha kiungo kilipo, kata juu yake. Mabawa hivyohivyo, tafuta kiungo kwa kidole gumba ukichezesha bawa. Mpaka hapa panga bado halijainuliwa.

Panga linaingia kwenye kiwiliwili. Mkalishe ubavu, kata mbavu kwa mstari unaotenganisha mgongo na kidari, pande zote mbili. Kidari kilaze ngozi chini, weka makali juu ya mfupa wa katikati, kisha gonga mgongo wa panga kwa nyundo ya mpira. Kinapasuka vipande viwili bila kuinua panga hata kidogo. Mgongo unakatwa kwa mapigo mafupi, kila sentimita 4 au 5, na ujaribu kupita katikati ya pingili na pingili.

Kwa mbavu kubwa, chanja nyama kwanza kwa kisu kikali mpaka uone mfupa mweupe, ndipo upige palepale kwenye mchanjo. Panga likilazimika kupita kwenye nyama laini kabla ya mfupa, nyama inasukumwa na kuburuta makali pembeni.

Pembe3
Mkuu BapaPana, hiyo ya nyundo ya mpira si udhaifu? Nilidhani panga ni la kupiga.

BapaPana
Si udhaifu hata kidogo. Ndiyo njia yenye shabaha kuliko zote: makali yameshakaa pale unapotaka, hayana pa kwenda ila chini. Nyundo ya mpira au ya mbao, usitumie ya chuma. Chuma kwa chuma kunaweza kumegua kipande kikarukia jicho, na mgongo wa panga unaota kingo kali. Kwa anayeanza, ningemwambia mwezi wa kwanza wote atumie nyundo.

Kwa wanaopiga: shika mpini kwa ngumi nzima kama nyundo, kidole gumba kikizunguka mpini na kufunga. Usikilaze juu ya mgongo wa bapa, mshtuko utakirudia kwenye kiungo. Kimo cha kuinua ni sentimita 15 hadi 25, si kutoka juu ya kichwa. Kiwiko ndicho kinachofanya kazi, kiganja kinakaza kidogo panga linapokaribia kugusa. Pigia sehemu iliyo mbele kidogo ya katikati ya makali. Ukipigia kisigino, yaani mwisho wa makali ulio karibu na mpini, mkono unatetemeka mpaka kwenye bega na nguvu zinapotea.

Panga likinasa, usilipindepinde kulitoa. Kupinda ndiko kunakong'oa makali. Liinue pamoja na nyama, gonga tena taratibu, au lichezeshe mbele na nyuma kwa mstari wa makali yenyewe.

Gegedu
Mkono wa pili je? Hapo ndipo penye hofu.

BapaPana
Mkono wa pili uko mgongoni mwako. Sitanii, hasa kwa vipande vidogo. Kipande kikubwa unaweza kukishika ukiacha angalau sentimita 15 kati ya vidole na mstari wa pigo. Kikiwa kifupi kuliko hapo, hakishikwi: weka makali, tumia nyundo. Vaa miwani yoyote ya kukinga macho ukipiga mifupa mikavu. Watoto wakae upande ambao panga likiponyoka halielekei. Na likidondoka, rudisha miguu nyuma uliache. Hakuna aliyewahi kudaka panga akafurahi.

Mama wa Chungu
Vichembe vikishatoka, si naosha tu nyama bombani?

BapaPana
Bomba linarusha matone ya maji ya nyama mbichi kwenye sinki, vyombo na nguo, na vimelea vinasafiri nayo. Futa kila kipande kwa karatasi ya jikoni yenye unyevu, upande uliokatwa, na upitishe kidole taratibu. Chembe iliyosimama utaihisi, ing'oe kwa koleo dogo. Ukilazimika kutumia maji, chovya kwenye bakuli, kisha bakuli na sinki visafishwe.

Msuka
Ubao haujaguswa. Panga zuri kwenye ubao mbaya linakufa vilevile.

Unaofaa ni wa mbao ambazo nyuzi zake zimesimama wima, yaani unakata juu ya kichwa cha mti, kama kipande cha gogo. Makali yanaingia kati ya nyuzi, nyuzi zinajifunga tena. Unene sentimita 5 kwa uchache, ukubwa kama 40 kwa 30, na uzito wa kutosha usirukeruke. Ubao ambao nyuzi zake zimelala utapasuka kwa urefu siku moja, kwa kuwa kila pigo ni kabari. Plastiki nene inakubalika kwa kazi chache, ila inachimbika na mifereji yake inaficha uchafu. Kioo, marumaru na kauri, hapana: makali yanaharibika pigo la kwanza.

Weka kitambaa chenye unyevu chini ya ubao usiteleze. Na kitu ambacho wengi hawakiwazi: usipigie katikati ya meza. Pigia juu ya mguu wa meza au pale kabati lilipo chini yake. Meza inayonesanesa inameza nusu ya pigo, nawe unafidia kwa kuongeza nguvu. Ukisimama, uso wa ubao uwe chini ya kiwiko kwa sentimita 15 hivi au zaidi.

Baada ya kazi: kwangua mabaki, osha kwa maji moto na sabuni, suuza. Ukitaka kuua vimelea, kijiko kimoja kikubwa cha dawa ya klorini isiyo na manukato katika lita 4 za maji, acha dakika chache, suuza, usimamishe ubao ukauke pande zote. Usichanganye klorini na siki, inatoa gesi ya sumu.

Pembe3
Wakuu, na kunoa? Langu linakata karatasi kama wembe lakini kila wiki lina mapengo mapya.

Kinoo
Umeshajijibu: kama wembe. Makali ya wembe ni membamba na hayana chuma cha kutosha nyuma yake. Panga la mifupa linanolewa kwa pembe ya nyuzi 20 hadi 25 kila upande, kisu cha mboga kama 15.

Pembe unaipata kwa rula, bila kifaa cha kununua. Pima upana wa bapa kutoka makali hadi mgongo. Kwa bapa la sentimita 8: nyuzi 15 ni kuinua mgongo sentimita 2.1 kutoka kwenye jiwe, nyuzi 20 ni sentimita 2.7, nyuzi 25 ni 3.4. Kata kipande cha mti cha kimo hicho, kiweke pembeni kama kipimo cha macho.

Jiwe la namba 400 kwa kurudisha makali, 1000 kwa kumalizia (namba ikiwa ndogo, jiwe linakwaruza zaidi). Zaidi ya hapo unajifurahisha tu. Jiwe la maji loweka mpaka viputo viishe. Noa upande mmoja mpaka upande wa pili uhisi ukingo mdogo wa chuma uliojikunja, urefu wote kutoka kisigino hadi ncha. Usipouhisi mahali fulani, hapo hujafika. Geuza, fanya hivyohivyo. Malizia kwa mapitisho mepesi ya kupokezana, moja huku moja kule, hadi ukingo uishe.

Panga zito linachosha mkono na pembe inayumba. Afadhali ulilaze ukingoni mwa meza, bapa likibanwa, makali yakitazama nje, kisha upitishe jiwe dogo au tupa laini juu yake. Tupa ikiteleza bila kuuma, chuma ni kigumu karibu sawa nayo au kuizidi, na hilo si panga la mifupa.

Pembe3
Na haya mapengo yaliyopo? Makubwa yanafika milimita 2.

Kinoo
Pengo haliondolewi kwa kuchimba pale lilipo. Unashusha makali yote mpaka usawa wa chini ya pengo, kisha unaunda makali upya. Kwa milimita 2, anza na jiwe la 120 hadi 220 na subira. Ukitumia mashine ya kusaga, chovya majini kila baada ya sekunde chache na usivae glavu za kitambaa. Makali yakigeuka bluu, joto limefika karibu nyuzi 300 za Selsiasi na ugumu umekwenda. Itabidi usage mpaka upite hiyo bluu.

Kwanza lakini angalia kama ni pengo au ni ufa. Mwagia bapa mafuta membamba, lifute, kisha nyunyizia unga mweupe. Ufa utajionyesha kama mstari wenye unyevu. Panga lenye ufa halinolewi, linatupwa.

Pembe3
Nimelipima sasa hivi. Unene mgongoni milimita 2.5, gramu 380.

Kinoo
Hicho ni kisu cha mboga, mkuu. Kinoe nyuzi 15 na ukipe vitunguu.